Kukimbilia Amerika

Juzi dada yangu Kemunto alimtumia mama picha kwa simu: amevaa fulana ya kachuo kake kadogo huko Amerika, anakata mbio, na mashabiki ni watu watatu na mbwa. Nikakumbuka alasiri ile baba alipoingia jikoni akinuka majani chai, akatangaza, "Kemunto amepata nafasi. Atakimbilia chuo cha Amerika."

Leo najua maana yake: chuo kinamsomesha, naye anakishindia mbio. Lakini wakati ule, nikiwa mdogo, nani alinieleza? Nilielewa kwamba atakimbia mpaka afike, na mimi sikutaka kuachwa. Alipotoka kwenda mazoezini, nikabeba ndizi mbivu za safari, nikamfuata.

Kilima cha kwanza kikanimaliza. Kifua kililia kama kinanda kilichotoboka.

"Nyakundi, unaenda wapi wewe?"

"Amerika! Punguza mwendo basi!"

Alicheka hadi akashika magoti. "Fika hapo mjini Keroka kwanza!" Kisha akaondoka mbio vilevile, bila hata kugeuka.

Nikakaa kando ya barabara kwa hasira, nikala ndizi zote, hata zake. Akisikia njaa huko baharini, shauri yake.