Volti Isishuke

Harufu ya kapasita iliyoungua hushika koo. Yafanana na mafuta ya samaki yaliyosahauliwa motoni, na hadi leo ikinipitia puani naondoka hapo hapo. Nisikilizeni basi, maana haya sijapata kumwambia mtu.

Babangu alikuwa fundi wa redio na mapangaboi, chumba cha chini cha nyumba yetu ya Kibokoni, katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa na miaka kumi, na kazi yangu ilikuwa kumsomea namba. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, na hilo tulilijua sisi wawili tu. Fundi asiyeona, nani atamletea kitu? Skrubu alizifungua kwa kupapasa, kisha hunitilia mimi bintiye kitu kiganjani: "Nisomea, mama."

Kapasita ndiyo iliyomtia hofu. Ni kile kidude kinacholisukuma pangaboi lianze kuzunguka. "Ina namba mbili," alinifundisha mpaka nikachoka. "Mikrofaradi ilingane na ya zamani. Volti yaweza kupanda, isishuke. Ikiwa chini ya mia nne, hata ukipewa bure, tupa."

Ramadhani ya mwaka huo joto lilikuwa halisemeki. Siku moja kabla ya Idi, jirani yetu Bi Saada alileta pangaboi la chumba cha mamake, Bi Mwanaisha, bibi mzee aliyelazwa kitandani na kiharusi. Baba alikuwa na kapasita mbili mpya za aina moja, zimefungwa pamoja. Huko juu wasichana walikuwa washaanza kupakwa hina. Nawasikia wanacheka, na zamu yangu yanipita.

"Mikrofaradi?"

"Mbili nukta tano, sawa na ile kuukuu."

"Na volti?"

Sikuangalia. Wallahi sikuangalia. Zote nilizopata kumsomea zilikuwa mia nne au zaidi, nikasema, "Mia nne," nikapanda ngazi mbio.

Siku ya pili ya Idi, baada ya adhuhuri, tulisikia kishindo kidogo, kama chupa ya soda iliyopasuka, kisha ukemi wa Bi Saada. Kapasita ilikuwa imelipuka, matone ya moto yakaangukia chandarua cha nailoni. Majirani waliuzima moto kwa ndoo za maji, lakini Bi Mwanaisha hakuweza hata kugeuka upande. Alikaa hospitali siku nne, akafa.

Jioni ya moto ule baba aliniita, akanipa kapasita iliyobaki. "Isome yote."

"Mbili nukta tano." Niliigeuza kwa vidole vyangu vyenye maua ya hina. "Mia mbili hamsini."

"Ahsante, mama," akasema, akaitia mfukoni. Nikadhani apanga vitu vyake tu. Na nilifurahi, Mungu anisamehe, kwamba hakuniuliza neno.

Siku ya hitima, kakake Bi Saada alimkabili baba mbele ya watu. "Fundi, kapasita ile uliitazama?"

Nilikuwa nyuma ya pazia la mlango.

"Sikuitazama," baba alisema. "Sioni. Huu mwaka wa pili sioni, na niliwaficha. Kosa ni langu, msimtafute mwengine."

Tangu hapo hakuletewa hata redio ya betri. Alikaa chumbani mle, mikono haina la kufanya, mpaka alipofariki.

Miaka mingi nilijipoza kwamba hakujua, kwamba aliona ni macho yake yaliyomponza. Nilikuwa mtu mzima nilipolizingatia lile neno lake, "yote". Namba alikuwa akiniuliza moja moja. Jioni ile alikuwa ameshajua kwamba volti sikuiangalia; ndiyo maana ile kapasita aliitia mfukoni, isije ikaonwa na mtu. Alinifungulia mlango niseme mwenyewe. Mimi nikasoma namba, basi.

Bi Saada yu hai, akaa Tudor kwa mwanawe. Mwezi uliopita nilikwenda kumwamkia. Alinishika mkono, akanitazama sana.

"Wewe sina neno nawe, mwanangu," aliniambia. "Lakini babako simsamehe."

Nikamwitikia, "Naam, Bi Saada," nikanywa chai yake.