Neno Lililoandikwa Kwenye Kadi Yangu ya Macho

Siku ya kwanza kazini, Bibi Somoe alimwaga ndoo nzima ya maji ya dawa juu ya viatu vya Muuguzi Mfawidhi. "Vizuri," yule mama akamwambia, "viatu vyangu havina vijidudu tena. Haya, kamata tochi." Ndivyo alivyoingia wodi ya macho, na hakutoka mpaka alipostaafu.

Bibi Somoe si bibi yangu wa damu. Ni jirani yetu hapa Mitwero, tulipohamia mwaka jana kutoka Tingi. Mimi darasani najibu kwa kutikisa kichwa, lakini kuandika naweza, ndiyo maana likizo hii aliniita. "Mke mwenzangu, andika kazi yangu kabla sijaisahau. Na usipindepinde maneno."

Akaanza na mtoto wa jicho. Lenzi iliyo ndani ya jicho inaingia weupe, daktari anaitoa na kuweka ya bandia. Wagonjwa wengi walikuwa wazee, ila na watoto walikuja, wamebebwa mgongoni. Siku ya kufungua bandeji Bibi alikuwa na kipimo chake mwenyewe: anashika korosho moja ya kukaanga, kimya. Mtoto akinyoosha mkono akaichukua, wodi nzima vigelegele, na yeye anaandika kwenye kadi: AMEPONA.

"Daktari Bingwa alinikaripia. 'Sista, korosho haipimi konea.' Nikamjibu, daktari, mtoto ameona, unataka nini tena?" Akacheka mpaka akakohoa.

Nikamuuliza konea ni nini.

"Kile kioo cha mbele kabisa ya jicho. Nyuma yake kuna chembe hai ndogo zinazosukuma maji yatoke. Upasuaji unaweza kuua baadhi, na zikifa hazioti nyingine. Kioo kinaweza kunenepa, mpaka kipimo cha presha ya jicho kikasoma uongo. Zikipungua sana, hata baada ya miaka mingi, kioo kinavimba. Mtu anaamka na ukungu, jua likipanda unapungua."

Kalamu ikasimama.

"Bibi, huo ukungu unaweza kuwa wa jicho moja?"

"Unaweza. Kwani vipi?"

Nikamwambia jicho langu la kushoto lina ukungu kila asubuhi tangu muhula uliopita. Sikuwa nimemwambia mtu. Niliona aibu, nikadhani ni tongotongo. Miwani nimevaa tangu chekechea, nikiambiwa nilizaliwa na macho dhaifu, basi.

Mama alikuwa pembeni akipepeta mchele. Ungo ukatulia.

"Ulipasuliwa," akasema bila kunitazama. "Ulikuwa na miaka miwili. Sikutaka wenzako wakutanie."

Miaka kumi na sita, halafu jicho langu mwenyewe silijui!

Mama akaenda ndani kwetu, akarudi na kadi iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki. Bibi Somoe akavaa miwani, akasoma, akaivua, akaivaa tena.

"Huu mwandiko wangu."

"Nilikutambua siku ile ile tulipohamia," Mama akamwambia. "Uliniambia amepona. Ningemrudisha hospitali kufanya nini?"

Bibi akaiweka kadi mapajani. "Nimestaafu nikijua nimemaliza kazi yangu. Wangapi waliichukua ile korosho, nikawaambia wasirudi?"

Akaniomba kalamu. Akakata AMEPONA kwa mstari mmoja, akaandika chini yake: ARUDI KILA MWAKA, MAISHA YAKE YOTE.

"Kesho mapema tunakwenda hospitali wote watatu. Huenda chembe zimebaki za kutosha, huenda hapana, sikudanganyi. Ukiamka na ukungu usilipikichepikiche jicho, nataka daktari aukute. Na nitamwambia mimi mwenyewe nani aliandika AMEPONA."

Akanirudishia kalamu. "Andika na hilo, mke mwenzangu. Usilipinde."