Vitambaa Sita vya Kwaya

Zamani mtu wa Eldoret alinunua kitambaa, akakibeba kwapani hadi kwa fundi, akapimwa, akangoja. Siku hizi anainama juu ya lundo la mitumba kando ya barabara, anavuta gauni lililovaliwa na mtu asiyemjua, na kwenda nalo nyumbani akijiona mwenye bahati.

Nicanor Kigen alikuwa fundi wa ile zamani. Cherehani yake ilikaa kwenye veranda ya duka moja mjini kwa miaka ishirini na sita, na katika miaka hiyo yote hakuandika jina la mteja kwenye karatasi hata mara moja. Karatasi, alisema, ni kazi ya makarani. Yeye alikigeuza kitambaa upande wa ndani, akachora alama kwa chaki karibu na ukingo: duara kwa huyu, pembe za ng'ombe kwa yule, msalaba kwa mwingine. Chaki haitoki mpaka nguo ifuliwe, na nani anafua kitambaa ambacho hakijashonwa? Hivyo ndivyo alivyofundishwa, na hakuona sababu ya kubadilisha.

Desemba ya mwaka 2007 wanawake sita wa kwaya ya kanisa lao la mtaa wa Kapsoya walimjia pamoja. Walikuwa wamenunua poplini ya rangi ya anga kutoka jora moja, yadi nne kila mmoja, wapate kuvaa sawasawa. Wawili walikuwa Wakikuyu, watatu Wakalenjin kama yeye, mmoja Mluhya, lakini siku hiyo hakuna aliyekuwa akihesabu hivyo. Wangari, mama yake Wacera, ndiye aliyekuwa na sauti kubwa, akiimba na asipoimba. Alimsukuma mbele rafiki yake Waiyego.

"Fundi, huyu umpimie na nafasi. Akionja pilau ya Krismasi mshono unafumuka."

"Na yeye umpimie mdomo," Waiyego akajibu. "Yadi nne hazitatosha."

Nicanor alicheka, akachora alama zake sita. "Kura zipite kwanza, mama zangu. Mwezi wa pili mtavaa."

Kura zilipita, matokeo yakazua vurugu za kikabila, na mji ukawaka. Moshi ulipoanza kupanda upande ule wa maduka, Nicanor alikuwa kwenye veranda peke yake. Vijana walikuwa wakija kwa makundi, na baadhi yao aliwajua. Alikuwa amewashonea kaptula za shule. Alikuwa na mikono miwili tu. Cherehani ilikuwa nzito, na mfuko wa kwaya ulikuwa mwepesi, lakini si uzito uliomfanya achague. Cherehani ilikuwa yake; poplini ilikuwa ya watu. Alikumbatia mfuko, akaondoka. Siku ya tatu alirudi akakuta chuma cheusi kilichopinda na bati za duka zimelala juu yake.

Wangari na Waiyego, kwa kuwa Wakikuyu, walikimbilia kambi ya uwanja wa maonyesho pamoja na maelfu ya wengine. Nicanor alisikia wako huko. Katikati ya Januari alivaa koti kubwa, akauficha mfuko ndani, akaenda hadi getini. Pale alisimama. Ndani wangemuuliza yeye ni nani na ametumwa na nani. Nje, vijana waliokuwa wamekaa ng'ambo ya barabara wangemwona akiingia. Alihamisha mguu huu na ule, akaangalia huku na huku, kisha akageuka akarudi nyumbani na mfuko wake. Alipopata moyo wa kwenda tena, aliambiwa malori yalikuwa yamewachukua wengi kuelekea kwa jamaa zao, huko Mkoa wa Kati. Habari hiyo hakumsimulia mtu.

Mwanawe Kimeli, ambaye alikuwa dereva wa masafa marefu, alimnunulia cherehani nyingine, na Nicanor akaanza kushonea chumbani kwenye nyumba ya familia. Hapo ndipo ugonjwa ulipoanza. Vifungo havikuwa na shida: alivipanga kwa rangi katika makopo ya kakao. Zipu alizining'iniza msumarini, fupi mbele, ndefu nyuma. Nyuzi zilikuwa na droo yake. Mtu angeweza kumwomba kifungo cha kahawia chenye matundu manne naye akakitoa akiwa amefumba macho. Lakini vitambaa! Alikuwa ameona rafu za maduka zikiwa tupu kwa asubuhi moja, na tangu hapo hakuweza kupita kitambaa bila kukinunua. Mabaki ya jora, mapazia ya kanisa lililobadilisha rangi, kaki, satini, vitu ambavyo hakuna mteja aliyeviomba. Wateja wenyewe walikuwa wakipungua, maana mitumba ilikuwa imewameza. Chumba kilijaa hadi dirishani.

Wala hakuviacha vitulie. Akisikia ukuta una unyevu, alihamisha magunia upande wa pili. Akiona kinyesi cha panya, alimimina kila kitu kwenye masanduku ya bati. Jumamosi jua likitoka alivianika vyote uani, akavikung'uta, akavikunja upya, akavirudisha kwa mpango mwingine. Ile poplini ya kwaya aliikung'uta zaidi ya vyote, kwa sababu ndiyo aliyoiogopea zaidi.

Jelagat, mke wa Kimeli, alikuwa na watoto watatu na subira iliyokaribia mwisho.

"Mzee, watoto wanalala jikoni kama kuku."

"Nguo za watu zimo humo ndani."

"Za watu ni sita. Hizo zingine zote ni za nani?"

"Huwezi kuzigusa hizo zingine bila kuvuruga zile sita."

"Basi wenyewe waje wachukue sita zao, mimi nichukue chumba."

"Wakija, chukua," Nicanor alisema, naye alisema kweli. Alimwahidi pia kwamba hatanunua kitambaa tena. Wiki iliyofuata alitumwa soko la Soy kununua mbegu za mahindi, akarudi na mita sita za kaki chini ya mbegu ndani ya gunia. Jelagat aliivuta ile kaki mbele ya watoto, akaiinua.

"Na hii itaota lini, Mzee?"

Wangari alikuja Septemba ya mwaka 2014. Wacera alikuwa amepata nafasi chuo kikuu, kule karibu na Kesses, na mama yake alikuwa amemsindikiza. Wakiwa wamelala mjini, Wangari aliona si vizuri kupita bila kutazama Kapsoya. Nyumba yao ya zamani ilikuwa na mtu mwingine. Akauliza fundi yuko wapi.

Nicanor alimjua kwa sauti kabla hajauona uso. Nywele zilikuwa zimeingia mvi. Alimsalimia kwa mikono miwili, akamsalimia Wacera ambaye alimwacha mtoto wa miaka kumi na miwili na sasa alikuwa akimtazama kutoka juu, na kabla Jelagat hajaweka chai alikuwa ameshaingia chumbani.

"Kitambaa chako kipo, Mama Wacera. Vyote vipo. Hakuna hata kimoja kilichopotea."

Walisikia masanduku yakiburutwa. Alitoka na mfuko, akaweka poplini sita mezani, akageuza ya kwanza upande wa ndani, akasogea nayo mlangoni kwenye mwanga. Akageuza ya pili. Akaleta miwani. Alipofika ya sita alirudia ya kwanza. Hakukuwa na duara, hakukuwa na pembe wala msalaba. Miaka sita ya kukung'uta na kukunja ilikuwa imefanya kazi ya sabuni.

"Ngoja," alisema. Akashika tepu, akapima. Yadi nne. Yadi nne. Yadi nne.

"Unatafuta nini, Baba Kimeli?" Wangari aliuliza.

"Chako. Siwezi kukupa cha mwingine."

Wangari alicheka, ile sauti yake ikajaza nyumba. "Si tulikata jora moja? Nipe chochote."

"Chochote si chako."

"Basi nipe viwili. Na cha Waiyego nitampelekea binti yake."

"Waiyego aje mwenyewe. Mwenye kitambaa huja mwenyewe."

Wangari aliacha kucheka. "Waiyego tulimzika mwaka wa pili, Baba Kimeli. Homa ya mapafu. Ilianzia kwenye lile hema."

Nicanor alikaa, akasimama tena. Alizikunja zile poplini, akazikunjua. "Nilizitunza," alisema. "Niliacha cherehani ikaungua. Nilizitunza ili mje."

"Nilikuona getini," Wangari alisema.

Jelagat, aliyekuwa akimimina chai, alisimamisha birika.

"Kule kambini," Wangari aliendelea. "Umevaa koti, umejikunyata kama mtu mwenye homa. Nilimwambia Waiyego, yule si fundi? Ameleta nguo zetu. Tukangoja uingie. Waiyego alikuwa analala na gauni moja lililolowa, akasema hata kama haijashonwa, atajifunga hivyo hivyo." Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililomchoma Nicanor. "Halafu ukageuka. Sikukulaumu. Kila mtu aliogopa. Lakini usiniambie nije mwenyewe. Nilikuwa nimekuja, ni wewe uliyekuwa upande wa pili wa geti."

Nicanor aliisogelea meza. Alichukua vitambaa viwili vya juu, bila kuchagua, akamwekea Wacera mapajani.

"Hivi vingine?" Wacera aliuliza taratibu.

"Vya watu."

"Mama anawajua wote, Mzee. Wawili wako hapa hapa Kapsoya, tutawapitia sasa hivi. Wale wengine ana simu zao."

Wawili hapa hapa Kapsoya. Aliwajua, alikuwa akikutana nao kanisani kila Jumapili kwa miaka sita, na wala hakuwahi kuwaambia mfuko uko kwake. Kwaya ilikuwa imevunjika, alijiambia, wangevifanyia nini? Alimwona Jelagat akimtazama, na akajua naye ameelewa.

Aliusukuma mfuko wote mezani. "Chukueni. Waambieni sijui cha nani ni kipi. Waambieni chaki imetoka." Kisha, kwa sababu hakuweza kubaki kimya, akaongeza, "Mvianike kivulini. Jua linapausha rangi ile."

"Tutavianika," Wangari alisema, akampa mkono.

Aliwafuata hadi barabarani, akabaki nyuma yao hatua chache. Boda boda ilisimama. Wangari alipanda kwanza akalalamika kwamba dereva ni mtoto na pikipiki ni kuukuu, Wacera akapanda nyuma yake na mfuko kati yao, ncha moja ya poplini ikiwa nje. Nicanor aliinua mkono kuonyesha ile ncha, akapaza sauti waiingize, isije ikaingia kwenye gurudumu, lakini injini ilikuwa imeshanguruma. Wacera alidhani anaaga. Naye akapunga mkono, na wakashika njia ya kwenda kwa wale wanawake wawili, na Nicanor hakumwona tena Wangari wala binti yake.