Okidi za Mzambarau wa Kukhu

Sisi tuliokulia Iguhu, ukingoni mwa msitu, hatukujua kwamba maua hununuliwa. Nyanya yetu, tuliyemwita Kukhu, alikuwa na bustani iliyoning'inia hewani: okidi za mwituni alizoziokota kwenye matawi yaliyoangushwa na upepo, akazifunga kwa vitambaa kwenye mzambarau wa mbele ya nyumba. Kila Jumamosi, baada ya kusiriba sakafu kwa kinyesi cha ng'ombe, mikono ingali inanuka, tuliruhusiwa kuzinyunyizia maji. Moja, nyeupe, iliyonukia jioni, aliipenda kuliko zote. Sehemu ya msitu alikoipata ilikuwa imekwisha kufyekwa, wala hakuwahi kuiona kwingine.

Kisha babu akafariki. Kwetu, moto wa matanga hukokwa kwa mti wa boma lenyewe. Kuomba kuni kwa jirani ni kumwaibisha marehemu. Baba mdogo akasimama chini ya mzambarau na shoka.

"Mama, mti mkubwa ni huu tu."

Kukhu, aliyeketi mkekani, hakuinua uso. "Kata. Mzee asipate baridi. Lakini watangulie hawa watoto."

Tukapanda mtini kuzishusha okidi, mimi na dada yangu Imali.

"Shika kama yai!" nikamwambia.

"Wewe unayevunja vikombe ndiye wa kunifundisha?"

Tulizishusha zote bila kuvunja hata jani. Kwa fahari kubwa tukazipanda mahali bora tulipopajua: kwenye tuta la mboga ya mrenda, lililojaa samadi iliyoiva. Tukafukia mizizi barabara, tukamwagilia asubuhi na jioni.

Matanga yalipokwisha, Kukhu alikuja kututembelea tutani. Okidi zilikuwa zimegeuka ute. Imali akaanza kulia.

"Mmezizika, wanangu," alisema taratibu. "Hizi hula hewa." Akapiga magoti, akachambua uozo kwa vidole mpaka akapata kipande kimoja cha ile nyeupe, chenye mzizi mmoja mzima. Alikifunga kwenye mparachichi mchanga wa uani kwa pindo la leso yake. Hakutuchapa. Tulisubiri miaka mitatu mpaka ilipochanua, na hakuna aliyethubutu kuuliza lini.

Wapwa wangu wa leo huipiga picha kabla haijafumbuka, kisha huuliza mbona inachelewa, kana kwamba ua nalo linahitaji bando.

Mwaka huu imechanua tena. Kukhu haoni siku hizi. Nilimshika mkono nikamsogeza mtini. Alinusa, kisha akasema, "Mpelekee Imali kipande. Isibaki mahali pamoja."

Nikampigia simu dada yangu, anayeishi ghorofani huko Lurambi. Alifurahi, kisha sauti ikapungua.

"Nitaifunga wapi, ndugu yangu? Hapa sina hata mti."

Utotoni tulikuwa na mti wa kumkokea babu moto, na mwingine ukabaki wa kuokoa ua. Leo nimesimama chini ya mparachichi, kipande kiganjani, nikiwataja mmoja mmoja wote ninaowapenda, nikitafuta mwenye tawi.