Tone la Maji Sebuleni kwa Mama Mkwe

Mtaani kwetu hakuna anayemwita kwa jina lake. Anaitwa Msasa, na hata mkewe akikasirika humwita hivyo hivyo. Kazi yake ni sakafu za mbao: kuzikwaruza, kuzipaka vanishi na kuzirudishia sura zinapochakaa. Akiingia nyumba ya mtu huangalia chini kwanza, kusalimu baadaye. Siku alipokwenda kuposa alikaa ameinamisha kichwa tangu karibu hadi kwaheri, na wakwe wakasifu adabu yake. Kumbe alikuwa anakagua maungio ya mbao. Baba mkwe peke yake ndiye aliyemgundua, kwa sababu sakafu ile aliitengeneza mwenyewe.

"Umeona kosa?" alimuuliza wakiagana mlangoni.

"Moja tu, baba. Chini ya kabati."

Mzee akacheka, akakubali kumwoza binti yake, na baadaye akamfundisha na kazi.

Mzee ameshafariki. Sakafu yake imebaki sebuleni kwa mama mkwe, na ndiyo iliyomtoa Msasa jasho mwaka huu, kwani mama mkwe alinunua vigae. Vilipangwa barazani, vikafunikwa gunia, na fundi wa kuvibandika akaambiwa aje Jumatatu. Msasa alipopata habari aliacha chai mezani.

"Mama, usiizike kazi ya mzee ingali hai. Nipe nafasi."

"Imezeeka, baba. Mbona hata mimi nimezeeka na hujanipaka vanishi?"

"Hii inarudi, mama. Utaona."

"Haya. Jumatatu isipong'aa kama alivyoiacha mwenyewe, usinililie. Vigae vinaingia."

Ijumaa asubuhi makochi yalitolewa nje. Msasa akapiga magoti katikati ya sebule na kudondosha tone la maji. Hicho ndicho kipimo chake. Vanishi ikiwa imekufa, mbao hunywa maji na kufanya doa jeusi. Ikiwa hai, tone husimama kama ushanga. Tone likasimama. Akadondosha jingine pembeni, nalo likasimama, likimkodolea macho.

"Mzima wa afya," akamwambia mkewe. "Sina haja ya kuivua hadi kwenye mbao. Naikwaruza juu juu, napaka mkono mmoja, kesho makochi yanarudi."

Dalili zilikuwepo. Karatasi yake ya msasa ilijaa utando mweupe mapema mno. Akasema ni vumbi. Paka alitoka jikoni mbio, akashindwa kusimama, akateleza hadi ukutani. Akasema paka kazeeka. Alifagia, akafuta, akafungua mkebe, akaanza kupaka kwa brashi pana kufuata urefu wa mbao, akirudi nyuma kutoka dirishani. Alipofika mlangoni akainua kichwa kutazama kazi yake. Vanishi ilikuwa inajikunja na kukimbia, ikiacha mabaka ya mviringo sakafu nzima, kama maji kwenye sahani yenye mafuta.

Mkewe akachungulia. "Mume wangu, sakafu imepata tetekuwanga."

Msasa akalaumu mkebe, akalaumu duka, akalaumu hali ya hewa, kisha akarudia duka. Mama mkwe alipita, akatazama. Kisha akaenda zake barazani kukung'uta vumbi kwenye vigae.

Ndipo Msasa alipokwaruza kona moja kwa ukucha. Kikatoka kijisokoto cheupe, laini. Akakinusa.

"Mshumaa!"

Mkewe akashika kiuno. "Ndiyo maana! Kila nikienda dukani mama ananiagiza mishumaa, na umeme haukatiki."

"Kamuulize."

"Mimi? Fundi ni nani hapa?"

"Mimi ni mkwe! Nitaanzaje?"

Mke akaenda jikoni. Ikasikika sauti ya mama mkwe, "Mishumaa? Mishumaa ya nini na taa zipo?" Kisha ikasikika droo ikifungwa.

Msasa akabaki njia panda. Kumbe tone lilisimama juu ya nta ya mishumaa; vanishi haishiki juu ya nta, na kuitoa yote ni kazi ya kupita Jumatatu. Akiomba siku zaidi bila kutaja sababu, ameharibu yeye. Akiitaja, amemwita mama mkwe mwongo. Akakuna kichwa, halafu akapaza sauti kama anayezungumza na kuta.

"Lakini huyu aliyepaka nta, sijui ni nani, ana mkono mzuri. Kafuata mbao vizuri kabisa. Ila huku kwenye kona kalipua, kapaka ovyo ovyo."

"Kalipua nani?" Mama mkwe alikuwa ameshafika mlangoni, mwiko mkononi. "Kona ipi? Kona zote nimezifikia kwa magoti yangu haya, kama alivyonionesha marehemu!"

Mkewe Msasa akageukia ukutani, mabega yakitikisika.

Mama mkwe akaketi juu ya vigae vyake. "Ilianza kufifia mwenyewe alipoondoka," alisema. "Wageni wakaanza kunong'ona, mkwe fundi na sakafu imekufa. Nikasema sikubali uaibike. Sasa magoti yamegoma, ndiyo nikanunua hivi."

"Si ungeniambia, mama?"

"Kila ukija unaangalia chini, baba. Nilijua unaona, unanyamaza kwa heshima."

"Nilikuwa naona inang'aa!"

Jumatatu fundi wa vigae alipofika alielekezwa bafuni. Sebuleni Msasa alikuwa bado anafuta nta kwa vitambaa vilivyolowekwa thina, akivitupa kila vikishiba. Kisha akaleta mashine ya msasa, akashuka hadi mbao ikatoka nyekundu na mpya, kama mtu aliyeoga. Akapaka mkono wa kwanza, akaupitisha msasa laini, akapaka wa pili. Kwenye kiti mlangoni mama mkwe alisimamia kazi. "Hapo, baba, umelipua." Na Msasa anarudia.

Ilipokauka, akamwita mama mkwe aje adondoshe maji mwenyewe. Tone likasimama, safi, na dirisha zima likaonekana ndani yake. Mama mkwe alilitazama, akatazama mbao za mumewe hadi ukutani, kisha akamkazia macho mkwewe.

"Sasa utajuaje si mshumaa?"

"Mishumaa yote nimeificha, mama."

Mama mkwe akaingiza mkono mfukoni mwa gauni, akatoa kipande cha mshumaa chenye urefu wa kidole, akamwekea kiganjani.

"Yote, ukiacha huu."