Dakika Saba za Mama Berthe

Saa tatu kasoro robo asubuhi, katika nyumba moja ya komini ya Tshopo, mjini Kisangani, Elisée Muhindo amekaa sakafuni, kompyuta mapajani. Waya wa bluu unatoka kwenye kompyuta hadi kwenye modemu ya intaneti ya faiba. Kilichobaki ni kubonyeza mara moja tu, na hathubutu.

"Dakika ngapi?" anauliza mwenye nyumba, Mama Berthe Kavugho, simu kiganjani.

"Saba, mama."

"Na akipiga mu ile dakika saba?"

Anayengojewa ni Adèle, binti pekee wa Mama Berthe, aliyekuwa akiuza vitenge Goma. Tangu Januari 2025 hajasikika. Simu ya mama yake ni kuukuu, haisomi tena kadi ya simu. Inaishi kwa intaneti ya nyumba tu. Modemu ikizimika, mama ameachwa gizani.

Na iliwahi kuzimika. Aliyeizima ni Elisée huyu huyu.

Ana miaka thelathini na minne, mzaliwa wa Butembo, na nyumba thelathini na nane mjini Kisangani zinamtegemea kwa intaneti. Kazi yake kubwa ni kusasisha programu ya ndani inayoendesha modemu. Ikizeeka, mtandao hukatika ovyo na wezi wa mtandaoni hupata pa kupenya. Taratibu anazijua kama Baba Yetu. Husoma jina la modeli chini ya mashine, huchukua faili kwa mtengenezaji mwenyewe wala si kwa rafiki wa rafiki, huhifadhi mipangilio ya zamani, hutumia waya. Zaidi ya yote huiunga modemu kwenye betri, maana umeme wa bwawa huondoka bila kuaga.

"Ikizimika katikati, imekufa," anasema. "Programu ya zamani imeshafutwa, ya mupya haijaingia."

Siku ile ya Januari betri haikuwepo. Jirani yake Georgette alifiwa na baba, na Kisangani penye matanga mtu haombwi mara mbili: mwenye viti hutoa viti, mwenye sufuria hutoa sufuria. Elisée alitoa betri, iwashe taa na kipaza sauti cha waimbaji. Akaja kwa Mama Berthe mikono mitupu. Umeme ulikuwa umetulia tangu alfajiri. Akabonyeza.

Kwenye asilimia sitini, feni ya sebuleni ikasimama.

"Nilisikia feni kwanza," anakumbuka. "Alors nikajua. Nikasema, Mungu wangu, nimeua kitu ya watu."

Modemu nyingine ilipatikana baada ya siku nne. Katika siku nne hizo vita vikaingia Goma. Mtandao uliporudi, simu ya Mama Berthe ililia: ujumbe wa sauti wa siku tatu nyuma, Adèle akihema.

"Mama, tunakimbia. Niende Bukavu kwa shangazi, ao nivuke mupaka? Nijibu, mama. Niko nangoja."

Jamani! Mtoto anauliza njia, na mama ameketi kando ya kimashine kilichokufa, hana habari. Mama Berthe alijibu mara ishirini siku ile. Hakuna jibu hata moja lililofika.

"Hakunitukana," anasema Elisée, akifuta macho kwa mgongo wa mkono. "Angenitukana ningepata usingizi. Aliniwekea pondu ya majani ya muhogo na samaki, akasema, kula, mutoto wangu. Ile chakula inaniuma mupaka leo."

Mwezi huu mtengenezaji ametoa toleo jipya, la kuziba tundu ambalo wezi wameanza kulipitia. Mama amekataa mara mbili. Leo kamwita mwenyewe: jana mtandao ulikatika mara tano, akaona afadhali dakika saba zinazojulikana.

"Bon. Fanya," anasema. "Lakini usiniongeleshe."

Modemu iko kwenye betri. Elisée anabonyeza. Taa inapepesa, midomo ya mama inahesabu, hakuna anayegusa kitu. Dakika ya nane taa inatulia na simu inapata mtandao. Hakuna aliyepiga. Mama Berthe anampigia Adèle kwa intaneti, kama afanyavyo kila siku, anasikiliza, anaiweka simu mapajani.

"Bado," anasema.

Nje, akifunga begi, Elisée anaeleza mpango wake: barabara ikifunguka atakwenda Goma na picha ya Adèle, aulize nyumba kwa nyumba.

"Mama anasema amenisamehe. Mimi sitafuti msamaha. Nataka Adèle arudi hapa, anigombeze yeye mwenyewe, mbele ya mama yake, hata siku nzima."