Moshi wa Maziwa kwenye Mtungi wa Maji

Nyumba tuliyopanga Isiolo ilikuwa na tangi la saruji lililochimbiwa uani. Bauza, lori la kuleta maji, lilipokuja tulijaza tangi, kisha tukawa tunachota kwa ndoo na kamba, ya kunywa tukiyaweka mtungini. Maji yalinuka kidogo tangu mwanzo. Nilidhani ni chumvi ya kisima, maana kila mgeni kutoka Meru huambiwa hivyo.

Jirani yetu, mama mzee wa Kiborana tuliyemwita Akko, yaani nyanya, alituletea maziwa ya ngamia katika chombo alichokifukiza kwa kijinga cha moto cha mti wenye harufu nzuri. Siku mbili yalikaa bila kuharibika. Nikamwambia mke wangu tuufukize mtungi wa maji vivyo hivyo. Moshi utaua uchafu, na gesi ya kuchemshia maji tutaiokoa. Alisita. Nilisisitiza. Harufu ikapotea, nami nikajisifu.

Mwezi wa pili binti yetu wa miezi minane alianza kuhara. Akapona, akaanza tena. Mara ya tatu macho yalikuwa yameingia ndani. Muuguzi alitupa dawa ya kumrudishia maji mwilini, akauliza tunamnywesha maji gani. Tulipofika nyumbani niliinua kifuniko cha tangi, nikamulika kwa simu.

Paka alielea kwenye kona ya giza ambayo ndoo haikufika. Alikuwa amevimba, manyoya yakimtoka kwa mafungu, na juu ya maji palitanda utando wa mafuta. Nilipomwopoa kwa ndoo, ngozi ya tumbo ilibaki majini. Nilitapika pale pale, na matapishi yenyewe yalikuwa na ladha ya moshi.

Akko alikuja amejiziba pua kwa mtandio. Nilimweleza habari ya mtungi.

"Baba, moshi ni wa maziwa," alisema. "Maji ya tangi hata mimi nachemsha. Nani alikuambia?"

Hakuna aliyeniambia. Mke wangu alikuwa mlangoni, mtoto mgongoni, amesikia yote.

Tulilikausha tangi, tukalisugua kwa dawa, bauza likaja. Mke wangu alichota kikombe, akakinusa, akamwaga mchangani. Asubuhi alifungasha nguo za mtoto aende kwa mama yake.

"Kunywa wewe kwanza," aliniambia. "Nitakuwa nikipiga simu kuuliza tumbo lako."

Nilichemsha, nikanywa mbele yake. Niliyaona yale manyoya. Nikameza. Aliangalia hadi kikombe kikaisha, kisha akatoka na mtoto.